Kilo Kumi za Majani kwa Tiketi Moja

Shabana FC ilirudi Ligi Kuu ya Kenya mwaka 2023, baada ya miaka 17 ya kuhangaika madaraja ya chini, na ilirudi wakati mbaya kwa mfuko wa shabiki. Julai mwaka huo ushuru wa VAT kwenye mafuta ulipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16. Septemba, ligi ikiwa ndiyo kwanza imeanza, lita ya petroli jijini Nairobi ilifika shilingi 211.64. Kwa shabiki wa Ikonge, kaunti ya Nyamira, ambaye hufika mjini Kisii kwa matatu au kwa kubanwa ndani ya Probox, mechi ilianza kuwa ghali kabla hajaliona geti la uwanja.

Kiingilio kilichozoeleka katika viwanja vingi vya ligi ya Kenya ni shilingi 200 jukwaa la kawaida na 500 kwa VIP. Mwenye mshahara wa mwisho wa mwezi anaweza kusema hizo 200 ni pesa ndogo. Mkulima wa chai anazipima kwa kipimo kingine. Malipo ya kwanza ya majani mabichi yamekuwa takriban shilingi 20 kwa kilo, kwa hiyo tiketi moja ni kilo 10. Kilo 10 ni asubuhi nzima ya kuchuma majani mawili na kichipukizi, kikapu mgongoni, umande ukilowesha nguo hadi kiunoni, kisha kupanga foleni kwenye kituo cha kununulia na kumwangalia karani akisoma mizani. Na kama shamba linachumwa na kibarua, sehemu ya hizo 20 si ya mwenye shamba tena.

Ndiyo maana mjadala wa bei ya tiketi katika Gusii, yaani Kisii na Nyamira, hauwezi kueleweka kwa kuanzia kwenye vitabu vya klabu. Unaanzia shambani, na una historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani.

Shabana ilianzishwa mwaka 1980 mjini Kisii, ikachukua jina la duka la vifaa vya ujenzi, Shabana Hardware. Ulikuwa wakati mzuri wa kuzaa timu. Baridi kali iliyoharibu kahawa ya Brazil mwaka 1975 ilikuwa imepandisha bei duniani, na milima ya Gusii, yenye udongo mzuri na mvua karibu mwaka mzima, ilinufaika. Chai nayo ilipaa mwaka 1984. Pareto, yale maua meupe ya kutengenezea dawa ya wadudu, yalikaushwa kwenye nyua na kuuzwa kwa bodi. Familia moja iliweza kuwa na mazao matatu ya kuuza, na kila zao lilikuwa na siku yake ya malipo. Pesa zilipoingia, nyingi zilishuka mjini Kisii, na sehemu ndogo ya hizo ilifika Uwanja wa Gusii.

Timu yenyewe ilistahili safari. Henry Motego alifunga mabao yaliyompeleka timu ya taifa, Harambee Stars. Mike Okoth Origi alipitia Shabana kabla ya kwenda Ubelgiji mwaka 1992 kuichezea Oostende, na mwaka 1999 akawa bingwa wa nchi hiyo akiwa na Genk. Mwanawe Divock ndiye aliyekuja kuifungia Liverpool katika fainali ya Ligi ya Mabingwa mwaka 2019. Wazee wa Gusii wanaomkumbuka baba hawahitaji televisheni kuwaeleza ile damu ilitoka wapi.

Mlangoni siku hizo kulikuwa na utaratibu wake, sawa na viwanja vingine vingi vya Kenya. Tiketi zilichanwa kutoka kitabu, pesa zilipokelewa mkononi, na hesabu ya jioni ilitegemea uaminifu wa walioshika kitabu. Mtoto alishikwa mkono na mtu mzima yeyote, awe jirani au asiyemjua, akaingia bure kama mwanawe. Wasio na kitu walipanda miti na kuta. Punguzo hilo halikuandikwa popote, lakini kila mtu alilijua, na liliweka watoto wa maskini ndani ya mpira. Wengi wa wanaolalamikia bei leo waliupenda mchezo kwa kuingia namna hiyo.

Kisha mazao yakaanguka, moja baada ya jingine. Julai 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukilinda bei ya kahawa ulivunjika, na bei ikaporomoka. Wakati huohuo serikali ilikuwa imeanza kuwagawia wananchi gharama za shule na hospitali. Novemba 1991 wafadhili walisitisha misaada, na kufikia 1993 mfumuko wa bei ulikuwa karibu asilimia 46. Watumishi wa serikali walianza kupunguzwa kazini. Mwalimu, karani na mwenye kahawa, watu watatu waliokuwa wakijaza jukwaa, walijikuta wote wakiwa na karo ya kulipa kwanza. Pareto ilichelewa kidogo kufa, lakini bodi iliposhindwa kuwalipa wakulima, wengi waling'oa.

Klabu zilizoishi kwa pesa za mlangoni ziliumia kote nchini, hata Gor Mahia na AFC Leopards. Zilizosimama ni zile zenye kampuni nyuma yao. Oserian, timu ya shamba la maua la Naivasha, ilichukua ubingwa mwaka 2001 na 2002. Sony Sugar ya Awendo, jirani kabisa na Gusii, ilikuwa bingwa mwaka 2006 kwa nguvu ya kiwanda cha sukari. Mwaka huohuo wa 2006 Shabana ilishuka daraja. Haikuwa na kiwanda. Ilikuwa na mashabiki, na mashabiki walikuwa wamefilisika.

Lakini hawakuacha mpira. Katika masoko ya Gusii, kama kwingineko, mabanda ya video yaliweka dishi na kuonyesha ligi ya Uingereza kwa ada ndogo sana. Kijana wa Ikonge aliweza kutazama Arsenal na Manchester United Jumamosi moja kwa pesa ambazo zisingemfikisha Kisii. Hili linasahaulika katika mabishano ya bei: tangu miaka ya 2000 klabu ya nyumbani haishindani na klabu nyingine za Kenya tu, inashindana na banda lililo umbali wa hatua chache, lenye mechi isiyoahirishwa.

Na wadhamini, je? Wamekuja na kuondoka. SuperSport ilivunja mkataba wake na ligi mwaka 2017. SportPesa ilijitoa mwaka 2019 katikati ya ugomvi wa kodi ya kamari. Mkataba na BetKing ulikufa mwaka 2021. Katikati hapo korona ilifunga milango ya viwanja kwa muda mrefu, na kuanzia Februari hadi Novemba 2022 Kenya ilikuwa imesimamishwa na FIFA. Kila mdhamini alipoondoka, mzigo uliongezeka begani mwa aliyebaki, yaani mtu wa shilingi 200.

Hapo ndipo wazo la tiketi ya msimu linapoingia, na linaingia likiwa na mvuto wake. Ligi ya timu 18 ina mechi 34, nusu yake nyumbani. Mechi 17 kwa shilingi 200 ni shilingi 3,400. Klabu ikiwapata mashabiki wachache tu wa kulipa hivyo mapema, ina pesa za kambi na mishahara kabla ya mpira wa kwanza kupigwa. Shabiki naye angestahili punguzo kwa kuikopesha klabu yake. Kwenye karatasi, kila mtu anashinda.

Kwa Ikonge, ugumu hauko kwenye jumla. Uko kwenye tarehe. Ligi huanza Agosti au Septemba, muhula wa tatu wa shule ukiwa mlangoni. Bonasi ya chai, malipo makubwa ya mwaka kutoka viwanda vya shirika la chai la KTDA kama Sanganyi, Gianchore na Kebirigo, huja karibu na Oktoba. Anayedaiwa shilingi 3,400 mwezi wa Agosti anadaiwa asichokuwa nacho. Na bonasi yenyewe haiaminiki: mwaka 2025 malipo ya wakulima wa Kisii na Nyamira yalishuka vibaya, na hasira zikatoka hadi barabarani. Mtu aliyepokea pungufu kwa majani yake hawezi kuambiwa kwamba yeye ndiye asiyeipenda timu.

Wapo mashabiki wanaoona kinyume, na hoja yao ina uzito. Wanasema Shabana ilikaa madaraja ya chini miaka 17 kwa sababu watu walitaka timu kubwa kwa pesa ya soda. Wanauliza ni nani atakayewalipa wachezaji ikiwa kila mtu ana binamu mlangoni. Wanakumbusha kwamba kelele za "Tore Bobe" za mashabiki wa Shabana, zinazotingisha uwanja wowote timu inapokwenda, hazinunui viatu. Wengi wao wanafanya kazi Nairobi na wanaona aibu, aibu ya kweli, timu inapokosa nauli.

Uingereza, nchi ambayo ligi yake imejaza mabanda ya Gusii, ilipitia ugomvi wa aina hii kwa viwango vyake. Februari 2016 wamiliki wa Liverpool walitangaza tiketi ya pauni 77. Katika mechi na Sunderland, dakika ya 77, maelfu ya mashabiki waliinuka na kutoka. Liverpool ilikuwa ikiongoza 2-0, ikaishia 2-2. Siku chache baadaye wamiliki waliomba radhi, wakaiondoa bei hiyo na kuahidi kutopandisha kwa misimu miwili. Walioinuka walikuwa na nguvu moja ambayo shabiki wa Kisii hana: wengi wao walikuwa wameshika tiketi za msimu, kwa hiyo viti vilivyobaki wazi vilionekana duniani kote. Shabiki wa Gusii akisusa, anabaki tu nyumbani, na hakuna anayejua kama amesusa au amekosa nauli.

Hiyo ndiyo sababu nzuri kuliko zote ya kuitaka tiketi ya msimu, lakini viongozi wa klabu hawaisemi. Anayelipa mwaka mzima anahesabika. Anaweza kuuliza pesa zimekwenda wapi. Kitabu cha tiketi za kuchana hakikumpa nafasi hiyo.

Ila lazima kwanza kuwe na kitu cha kuuza. Uwanja wa Gusii ulikarabatiwa kwa sherehe za Mashujaa za Oktoba 2020, lakini tangu timu irudi ligi kuu kumekuwa na vipindi ambapo mechi zake za nyumbani zimepelekwa Homa Bay. Ratiba hubadilishwa wiki ya mechi. Kwa anayetoka Ikonge, mechi iliyohama kaunti ni nauli mpya na pengine kurudi usiku, na tiketi aliyokwisha kuilipia haimrudishii chochote. Klabu ikitaka 3,400 zake, ianze kwa kumhakikishia uwanja na tarehe, imruhusu alipe kidogo kidogo kwa M-Pesa, na sehemu kubwa ya deni iangukie Oktoba, bonasi inapoingia. Watoto waingie bure, safari hii kwa maandishi.

Mpaka hayo yatendeke, shabiki wa Ikonge ataendelea kuamua Jumamosi kwa Jumamosi, baada ya kuuliza nauli ni ngapi leo, na yuko sahihi kabisa kufanya hivyo.