Kaburi la Bwana Sakarani

Mjini Tanga yapo makaburi ya zamani ya Wadachi yaitwayo makaburi ya Sakarani. Jina hilo halikutoka Ulaya. Sakarani ni mlevi, na neno ni la Kiarabu, ndugu yake sakarati tunayoitaja penye kitanda cha mtu anayekata roho. Aliyepachikwa jina hilo ni afisa mmoja, Tom von Prince, na ulevi wake haukuwa wa tembo bali wa vita.

Prince alizaliwa mwaka 1866 katika kisiwa cha Mauritius. Baba yake alikuwa Mwingereza na mama yake Mjerumani. Akalelewa Ujerumani, akaingia jeshini huko, na mwanzoni mwa miaka ya 1890 akaja pwani yetu kuitumikia serikali ya Kidachi. (Hilo “von” alilipata baadaye, mwaka 1907, Kaizari alipomtukuza.)

Wako wanaomtaja kuwa ni shujaa wa Tanga, wakaishia hapo. Mimi naona si haki kunyamazia yaliyotangulia. Januari 1893 ndiye aliyeivunja ngome ya Mtemi Isike wa Unyanyembe, karibu na Tabora, na Isike aliona afadhali kuliwasha ghala lake la baruti kuliko kutiwa mkononi. Kisha Prince akapelekwa Uhehe, akajenga kituo cha Iringa mwaka 1896, na Mkwawa akawindwa msituni hadi alipojiua Julai 1898. Kichwa chake kilikatwa, kikaletwa Iringa. Basi fikiri, msomaji: mtu huyo alikaa bila kuzikwa mzima, hata Mkataba wa Versailles wa 1919 ukadai fuvu lake lirudishwe, na fuvu lililotolewa kuwa ndilo halikufika Kalenga ila mwaka 1954. Wakati huo Prince alikuwa amekwisha kulala miaka arubaini katika kaburi lake la heshima.

Mwaka 1900 aliacha jeshi, akawa mkulima Usambara, karibu na Soni, pamoja na mkewe Magdalene. Shamba akaliita Sakarani. Ama alilipenda jina alilobandikwa, ama hakuona lawama iliyomo ndani yake.

Vita Vikuu vilipozuka akarudi kwenye bunduki. Novemba 2, 1914 manowari na meli za Waingereza zilifika Tanga na askari wapatao 8,000, wengi wao wa kutoka Bara Hindi. Kamanda wa Kidachi, Lettow-Vorbeck, alikuwa na watu kama 1,000 tu. Tarehe 4 mapigano yaliingia mpaka katikati ya nyumba za mji, nyuki nao wakatoka mizingani wakawashambulia watu, na siku ile Prince akauawa. Ameuawa na jeshi la taifa la baba yake. Kesho yake Waingereza wakarudi melini, wakaacha nyuma mamia ya bunduki.

Kwa hesabu ya Lettow-Vorbeck, waliokufa upande wake walikuwa Wazungu 16, na askari pamoja na wachukuzi wa mizinga ya bombom 48. Hao 48 ndio ninaotaka uwakumbuke zaidi. Katika majeshi ya Kidachi walikuwamo Waislamu wengi, Waswahili, Wamanyema na Wanubi wa Sudani, na waliokuja kupigana nao kutoka Bara Hindi walikuwamo Waislamu pia. Yumkini waliosikia adhana moja alfajiri, kila mmoja katika mji wake, walipigana risasi katika minazi ya Tanga kwa ugomvi wa wafalme wa Ulaya.

Siku kumi tu baada ya pigano lile, Novemba 14, 1914, ilitangazwa Istanbul fatwa ya jihadi iliyowataka Waislamu wasiwasaidie Waingereza na wenzao. Ujerumani, rafiki wa Sultani wa Kituruki, haikuguswa na fatwa hiyo. Na Januari 1915 askari wa Bara Hindi walikuwa wakipigana tena na askari wa Kidachi huko Jasini, kaskazini ya Tanga, karibu na mpaka.