Sambamba

Mjukuu wangu wa miaka saba hapa Milimani aliniuliza maana ya "sambamba". Nikamwonyesha reli: vyuma viwili bega kwa bega, visivyokutana. Tuliporudi jikoni nikampa jani la sukuma wiki lenye pindo la mawimbi. Alilibana mezani lilale, likakunjamana, likapasuka.

Kwenye uso uliojaa mawimbi hivyo kila mahali, chora mstari mmoja na nukta pembeni. Mistari isiyo na idadi itapita kwenye nukta ile bila kuukuta wa kwanza. Mrusi Lobachevsky alianza kuchapisha jambo hilo mwaka 1829. Mwaka 1997 Daina Taimina, mzaliwa wa Latvia, aliufuma uso huo kwa uzi, kila safu ikiongezewa vifundo kwa kipimo kilekile. Mama zetu wanaofuma vitambaa vya makochi wanalijua hilo: ukizidisha vifundo, kitambaa hakilali.

Ila mistari hiyo haiukuti ule wa kwanza na bado inazidi kuachana nao, walau upande mmoja. Haiendi bega kwa bega, kwa hiyo neno "sambamba" halitoshi. Walimu, mwambieni mtoto "mistari isiyokutana", kisha mpeni jani alishike.