Thumni Si Senti Hamsini



Likizo iliyopita nilikuwa nikiwasomesha hesabu vijana wa mtaani kwetu baada ya Alasiri. Mmoja wa kidato cha kwanza akalifunga daftari. "Kaka, aljebra ni mambo ya Wazungu, mimi siiwezi."

Nikamuuliza, "Mtu akifa akaacha mke na watoto, mke hupata fungu gani?"

"Thumni!" Akajibu mbio. Wenzake wakacheka, wakadhani asema senti hamsini. Lakini alikuwa sahihi: fungu moja katika manane.

Hapo nikajua tatizo si akili, ni maneno. Nusu, robo, thumni, thuluthi mbili, thuluthi na sudusi, mafungu yote sita ya mirathi yamo katika Suratun Nisaa. Mtoto wa madrasa huyajua, ila shuleni hakuna anayemwambia kuwa ni yale yale.

Na aljebra je? Zama za Khalifa al-Ma'mun (813-833), Muhammad bin Musa al-Khwarizmi wa Baghdad aliandika kitabu cha al-jabr wal-muqabala. Jabr ni kuunga, kama mfupa uliovunjika: kilichopungua upande mmoja hurudishwa, na upande wa pili nao huongezwa kiasi hicho hicho. Muqabala ni kukabilisha pande mbili, yaliyo sawa yakaondoka. Ile x inayotutisha yeye aliiita shay', yaani kitu tu. Na sehemu kubwa ya kitabu chake ni masuala ya wasia na mirathi! Mwaka 1145 Robert wa Chester alikifasiri kwa Kilatini, na neno al-jabr likasafiri Ulaya, hata likaturudia kupitia Kiingereza tukalidhani geni.

Tusijisifu kupita kiasi lakini. Tarakimu zenyewe zatoka India, na al-Khwarizmi alisema hivyo waziwazi. Wazee wetu wa pwani nao walikuwa na tandatu, fungate na kenda kabla ya kuchukua sita, saba na tisa. Elimu ni kupokezana.

Basi nikaandika x - 3 = 7. "Kitu kimepungua tatu, kimebaki saba. Kiunge."

"Kumi! Kumbe ni hivyo tu?"

Wazazi na walimu, Ramadhani hii baada ya futari muulizeni mtoto fungu la mama katika mirathi, kisha mwambieni aliandike kwa tarakimu. Huenda hofu yake yote ni ya jina tu.

Wallahu a'lam.