Bugatti Tourbillon
Bugatti Tourbillon ni gari la kifahari lenye mwendo mkali, lililozinduliwa Juni 2024 na kampuni ya Bugatti ya Molsheim, Ufaransa. Lina nguvu farasi 1,800: takriban 1,000 hutoka kwenye injini ya petroli ya lita 8.3 yenye silinda 16, na 800 kwenye mota 3 za umeme. Injini hiyo haina tabochaja. Ni uamuzi wa kijasiri, kwani Bugatti Veyron ya mwaka 2005 ilihitaji tabochaja 4 ili kufikia nguvu farasi 1,001. Sasa umeme umechukua kazi hiyo, na mngurumo wa injini umesalimika. Gari la Nevera la kampuni ya Rimac, kutoka Kroatia, limefuata njia nyingine: nguvu farasi 1,914 bila tone la petroli.