Simu ilivyobana sauti, na funzo kwa Kiswahili

Hebu mpigie simu mtu aliye Nunguni, umtamkie neno moja tu: 'samani'. Huenda akauliza, "Umesema thamani?" Usimlaumu. Chanzo kimo katika historia ya simu yenyewe.

Neno 'simu' lina asili ya Kiajemi, ambako 'sim' ni waya. Mwaka wa 1879, kebo ya telegrafu iliyotandazwa baharini kutoka Aden ilifika Zanzibar. Kuanzia 1896, nyaya nyingine ziliandamana na reli kutoka Mombasa, zikapita Makindu na Sultan Hamud, chini ya vilima vya Kilungu. Simu hiyo ilikuwa ya kugongwa, si ya kusemwa.

Sauti ilipoanza kusafiri, wahandisi walibana matumizi. Waliruhusu mitetemo 300 hadi 3,400 kwa sekunde, mingine wakaikata. Mnamo 1938, Mwingereza Alec Reeves, akiwa Ufaransa, aliwasilisha hataza ya kugeuza sauti kuwa tarakimu. Mfumo uliotokana na wazo hilo hupima sauti mara 8,000 kwa sekunde, kila kipimo kwa biti 8. Jumla biti 64,000. Simu za GSM, zilizoenea Kenya kuanzia mwaka wa 2000, zilibana hata zaidi: mfumo wake wa kwanza ulitumia biti 13,000 tu. Kumbe unachosikia si sauti nzima, bali muhtasari uliojengwa upya!

Sasa, nguvu nyingi ya /s/ iko juu ya mpaka huo wa 3,400. Ikikatwa, /s/, /th/ na /f/ hukaribiana. Kikamba nacho ni lugha ya toni, na mtetemo wa msingi wa sauti ya mwanamume huwa chini ya 300. Hata hivyo, toni husalimika, kwa kuwa sikio huukisia mtetemo huo kutokana na ile ya juu iliyo mara kadhaa yake.

Mifumo mipya ya sauti pana hufikisha mitetemo 7,000, na /s/ hurejea. Lakini mpaka wa awali haukuwekwa kwa kuzingatia Kiswahili wala Kikamba. Leo mashine zinafunzwa kutambua usemi wa binadamu. Wanaisimu wetu wakikaa kando, wengine wataamua tena ni sauti zipi zihifadhiwe na zipi zitupwe. Mkulima wa Nunguni anayetaja bei kwa simu atabaki akirudia maneno yake, ati hasikiki, ilhali ametamka sawasawa.