Uganda: Jinsi mwenye nyumba anavyoweza kuhakiki kazi na kipato cha mpangaji

Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya Uganda ya mwaka 2022 hairuhusu mpangaji kufukuzwa bila amri ya mahakama, hata akiwa na deni la kodi. Kwa hiyo, uhakiki wenye manufaa ni ule unaofanyika kabla ya mkataba kutiwa saini.

Utambulisho

Hatua ya kwanza ni kitambulisho: cha taifa kwa raia, cha mgeni au pasipoti kwa asiye raia. Mkimbizi huonyesha kitambulisho kinachotolewa na Ofisi ya Waziri Mkuu. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inamruhusu kufanya kazi, hivyo ukimbizi wake si ushahidi kwamba hana kipato. Mkataba wenye thamani inayozidi shilingi 500,000 sharti uwe wa maandishi.

Mwenye ajira

Mwombaji huombwa hati za mshahara za miezi mitatu, barua ya mwajiri na taarifa ya benki. Kiasi kinachobaki baada ya makato kwenye hati kilingane na kile kilichoingia benki. Namba ya simu iliyo kwenye barua isitegemewe peke yake, kwani mghushi wa barua huweza kuandika namba ya rafiki yake. Ni heri kuitafuta namba ya ofisi kwa njia nyingine, au kufika kazini, na kuuliza mambo matatu tu: kama mtu huyo ameajiriwa hapo, tangu lini, na kwa mkataba wa aina gani.

Kwa walioajiriwa katika sekta binafsi, taarifa ya michango ya NSSF ni kipimo kizuri. Mfanyakazi huchangia asilimia 5 ya mshahara na mwajiri asilimia 10. Anayesema analipwa shilingi 800,000 kabla ya makato anapaswa kuonyesha mchango wa shilingi 120,000 kila mwezi. Mchango ukiwa shilingi 60,000, maelezo yanahitajika. Hata hivyo, wapo waajiri wasiopeleka michango, na kosa hilo si la mfanyakazi.

Aliyejiajiri

Mwendesha bodaboda au mchuuzi wa sokoni hana hati ya mshahara, lakini huenda analipa kodi kwa uaminifu kuliko mwenye ofisi. Taarifa ya pesa za simu ya miezi sita huonyesha mapato yanavyopanda na kushuka. Leseni ya biashara, barua ya mwenyekiti wa LC1 na neno la mwenye nyumba wa awali hukamilisha picha. Wengi hupima kodi isizidi theluthi moja ya kipato. Hiyo ni desturi, si sheria.

Mipaka ya uhakiki

Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inataka taarifa binafsi zikusanywe kwa ridhaa ya mhusika na kwa kiasi kinachohitajika tu. Mwombaji aelezwe mapema nani atapigiwa simu. Namba ya siri ya benki au ya simu haiombwi kamwe. Mwombaji mwenyewe ndiye anayetoa taarifa hizo. Asiyekubaliwa arudishiwe nakala zake, au ziharibiwe mbele yake.