Bi Kidude
Bi Kidude, jina halisi Fatuma binti Baraka (alifariki 17 Aprili 2013), alikuwa mwimbaji wa Zanzibar aliyebobea katika taarab, yaani muziki wa mwambao unaounganisha mashairi ya Kiswahili na ala kama udi na kanuni, na katika ngoma za unyago, yaani mafunzo ya wasichana waliovunja ungo. Alifuata nyayo za mwimbaji wa taarab Siti binti Saad (1880–1950), akatunukiwa tuzo ya WOMEX, maonyesho ya kimataifa ya muziki wa dunia, mwaka 2005, na aliendelea kupanda jukwaani akikadiriwa kuzidi miaka 90. Mick Jagger wa Uingereza, aliyezaliwa 1943, husifiwa kwa kuimba roki uzeeni. Bi Kidude anastahili heshima kama hiyo, kwani alidhihirisha kwamba sauti ya mzee ni hazina ya taifa.